Elfu moja ya kwenye lebo haitoshi dukani kwangu

Mhariri,

Juma lililopita mtoto wa shule aliingia dukani kwangu na noti ya elfu moja aliyoikunja mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Akatoa soda kwenye friji, akafuata maandishi ya lebo kwa kidole, akaweka noti yake mezani. Nikamwambia bado 200. Akanigeuzia chupa: "Mama Duka, hapa imeandikwa elfu moja." Nikamwacha aende na soda yake. Jioni mama yake alikuja kununua chumvi, akasema mbele ya wateja wengine wawili kwamba sisi wenye maduka ni wezi, na kampuni yenyewe inatuumbua kwenye chupa.

Neno hilo limenikaa rohoni, ndiyo maana naandika.

Duka langu liko kando ya barabara ya Koboko, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Arua mjini, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Soda ile naichukua kwa muuzaji wa jumla, katoni ya chupa 12 kwa shilingi 10,500. Katoni 4 ni 42,000. Bodaboda wa kuzileta anataka 5,000. Hiyo ni 47,000 kwa chupa 48. Nikiziuza zote kwa bei ya kwenye lebo nakusanya 48,000, kwa hiyo faida ya mzigo mzima ni shilingi 1,000, bei ya chupa moja. Hapo umeme wa friji sijaulipa, na wateja wengi wanataka ya baridi. Mtu mmoja akikopa asirudi, nimewauzia wengine wote bure. Ndiyo maana nauza 1,200.

Wateja wengi hawaambiwi kwamba ile bei ni pendekezo la kampuni tu. Hapa Uganda serikali iliachia soko lipange bei tangu mageuzi ya uchumi ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu wa viwango, UNBS, wakija dukani wanakagua mizani, hawaulizi soda nauza ngapi. Jirani zetu wana utaratibu mwingine kwa upande wa mafuta ya magari: Tanzania, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Kenya mamlaka ya aina hiyo, EPRA, hufanya hivyo pia. Lakini hata wao, wenye nguvu ya sheria, hawaandiki bei moja kwa nchi nzima. Petroli ya Dar es Salaam ina bei yake na ya Kigoma ina yake, kwa sababu wamehesabu safari. Lebo ya soda yetu haijahesabu safari. Inasema elfu moja Kampala, elfu moja Arua, na elfu moja kijijini kwetu ambako gari la kampuni halijawahi kufika.

Mwaka 2024 daraja la Karuma, lililo kwenye njia ya kutoka Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo, malori ya kuja West Nile yalizunguka mbali. Muuzaji wa jumla akapandisha bei, bodaboda naye akapandisha. Lebo ilibaki vilevile, na aliyebaki kujieleza kwa mteja ni mimi.

Bei moja kwa nchi nzima inawezekana, sikatai. Salio la simu la elfu moja ni elfu moja Kampala na ni elfu moja Moroto, kwa sababu wakala analipwa kamisheni na kampuni na hakuna mzigo wa kubeba. Gazeti nalo bei yake iko ukurasa wa kwanza, na muuzaji wa Arua anauza kwa bei hiyo kwa kuwa mwenye gazeti ndiye aliyelisafirisha na kumwachia muuzaji fungu lake. Kampuni ya soda inataka heshima ya bei bila kugharamia njia.

Kwenye mafuta ya kupikia lebo haisemi lolote la kumsaidia mteja wangu. Bei iliyopendekezwa ni ya chupa ya lita nzima, naye amekuja na shilingi 500 na kikombe. Nampimia. Mengine yanaganda kwenye kipimo, mengine kwenye dumu, na ukijumlisha vikombe vyote vya mwezi, analipa zaidi ya yule wa mjini aliyenunua lita yake mara moja. Hilo silifichi, na linaniuma, kwa kuwa ndiye mwenye pesa kidogo kuliko wote.

Wapo pia wenzangu ambao siku ya mechi au ya matanga wanauza soda hiyohiyo 2,000. Hao siwatetei.

Wala siombi serikali irudi kupanga bei. Mama yangu aliishi miaka ya 1970, wakati wa Amin, alipokuwa akiambiwa bei halali ya sukari na sabuni huku rafu za duka zikiwa tupu. Sukari ilikuwepo, ila ya magendo, na ya magendo ilinunuliwa kwa bei aliyotaka mwenye nayo.

Ninachoomba ni kwa wanaochapa lebo. Kama mnataka soda iuzwe elfu moja hadi kijijini, shusheni bei ya jumla ya maduka ya mbali, au leteni gari mpaka senta zetu. Kama hamwezi, andikeni kwamba hiyo ni bei ya mjini. Na mkitangaza redioni "elfu moja tu", kumbukeni redio hiyo inasikika hata huku.

Mimi nimepigilia ubao mlangoni na kuandika kwa chaki: soda baridi 1,200, soda moto 1,100. Kando yake nimetundika risiti za muuzaji wa jumla. Mama wa yule mtoto bado hajarudi. Akirudi, namkaribisha azisome kabla hajanunua chochote.

Mwenye duka,
Barabara ya Koboko, Arua