Anza na mashua kabla ya saa za injini

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya kuuza ndege ndogo zilizoundwa na watu binafsi, zile zinazotua nchi kavu na majini, yanafanana karibu yote. Injini ina saa kadhaa, rangi mpya, redio mpya, karatasi zote zipo. Uzito wa ndege tupu hautajwi. Wala hutaona mahali palipoandikwa kama ndege hiyo ilikuwa ikitua ziwani au baharini. Naomba nafasi niwasihi wanaotafuta ndege ya namna hii waanze na yale yasiyotajwa, kwa sababu wananunua mashua iliyotiwa mabawa, na maharibiko yake ya gharama kubwa huanzia ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya mwili wake.

Mizani iwe ya kwanza. Mafuta yatolewe, ngama ikauke kabisa, ndege isawazishwe kama michoro inavyoelekeza, na kila gurudumu likae juu ya mizani yake. Jumla uilinganishe na karatasi ya uzito aliyoiandika mjenzi. Kilo chache za redio au viti vipya zinaeleweka, ilimradi zimeandikwa. Kilo 20 au 30 zisizo na maelezo ni maji yaliyonyonywa, au ni matabaka ya faibaglasi na rangi yaliyopakwa juu ya viraka. Piga hesabu: ndege yenye uzito wa juu wa kilo 620 ikiwa tupu ina kilo 400, inabaki na kilo 220. Watu wawili wa kilo 80 kila mmoja wanachukua 160, na lita 80 za petroli zinachukua karibu 58. Zimebaki kilo mbili. Kilo 25 za maji zikijificha chini ya sakafu, utalazimika kuacha zaidi ya lita 30 za mafuta nchi kavu kila unapobeba abiria. Na pale maji yalipo pana uzito wake: kilo 5 tu mkiani, mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito (pale ndege inapolingana mbele na nyuma), zinakisogeza kitovu hicho nyuma kwa zaidi ya sentimita 3 katika ndege ya kilo 600.

Mara nyingi maji hayo yamo kwenye povu gumu lililojazwa chini ya sakafu ili chombo kisizame. Likizeeka au likipasuka hunywa maji na halikauki hata ndege ikianikwa juani mwezi mzima. Muombe muuzaji akate kipande kidogo, ukikamue kwa mkono wako mwenyewe.

Halafu lala chali chini ya tumbo. Chukua rula iliyonyooka ya mita moja na nusu, uiweke sambamba na mkuku, yaani uti wa chini wa mwili wa ndege, mbele ya kile kidato kinachokata maji yasing'ang'anie mwili wakati wa kuruka. Pakiwa pamebonyea kwenda ndani karibu na kidato, maji yatasukuma nyuma ya ndege juu, pua itainama, na ndege itakokota maji mengi bila kuondoka. Pakiwa pamevimba kwenda nje, ndege itadundadunda kama pomboo ikishika kasi. Makosa haya hayaonekani kwa macho matupu wala rangi haiyaondoi, na kuyanyoosha ni kazi ya wiki nyingi. Sijui kifaa kingine cha bei ndogo kama rula kinachomwokoa mnunuzi kiasi hiki.

Kwa faibaglasi, gonga kwa sarafu ukisogea kidole kwa kidole. Mahali pazima hutoa mlio mkali. Mlio ukigeuka mzito na butu, matabaka yameachana. Zungushia chaki uone doa lina ukubwa gani. Kwa plaiwudi tumia msharasi (chuma chenye ncha kali) na kipima unyevu, hasa kandokando ya mkuku, kwenye vitundu vya kutolea maji na miguuni mwa mataruma (mbavu za ndani). Unyevu wa asilimia 12 hadi 15 hauna shida. Ukizidi 20, tarajia kuoza. Alumini iliyotua maji ya chumvi hujionyesha kwa rangi iliyovimba kuzunguka ribiti na unga mweupe chini yake. Mabomba ya chuma huliwa na kutu kwa ndani, sehemu ya chini kabisa, mahali ambapo mswaki wa rangi haufiki.

Kuvuja kupimwe majini. Hesabu vizibo vya kutolea maji kabla ya kushusha chombo, kiache kielee nusu saa, kisha fungua kila chumba ukaushe kwa sponji na upime kwa kikombe. Kikombe kimoja ni jambo la kawaida. Ndoo nzima ni jambo la kukalafati upya, yaani kuziba viungo, na bei iteremke kwa kiasi hicho. Kama hakuna ziwa au bahari karibu, mimina ndani maji ya kina cha sentimita 5 tu na uweke alama panapodondoka nje. Usijaze zaidi, kwa kuwa nchi kavu hakuna maji ya nje ya kuukinga mwili usipasuke.

Magurudumu ndiyo yanayoua. Kutua nchi kavu magurudumu yakiwa juu hukwangua mkuku. Kutua majini yakiwa chini hupindua ndege. Kwa hiyo iinue kwa jeki, uyapandishe na kuyashusha mara kumi, pamoja na njia ya dharura, huku ukitazama kama taa au alama ndani ya chumba cha rubani inasema kweli kila mara. Fungua vifuniko vya beringi. Grisi iliyogeuka nyeupe kama uji imeingia maji, na beringi hizo ni za kubadilisha.

Sasa injini. Saa chache si sifa ikiwa miaka ni mingi. Injini ya Lycoming yenye saa 150 katika miaka 20 inatia shaka kuliko yenye 600, kwa sababu kamshafti yake (mhimili unaofungua vali) iko juu, mafuta ya kulainisha hutiririka yakaiacha kavu, na kutu hushika. Kwa injini ya Rotax 912, dai tarehe ya kubadilishwa mipira yote ya mafuta, maji na petroli: ni kila miaka 5, hata kama ndege haikuruka. Boya mbili za kila kabureta zikipimwa pamoja zisizidi gramu 7; zikizidi zimenyonya petroli na hufurisha injini. Kama propela iko nyuma, kagua kila bolti na kifuniko kilicho mbele yake, maana chochote kikichomoka huishia humo. Injini iliyokaa juu ina tabia nyingine: ukiongeza moto pua hushuka, ukikata hupanda. Jifunze tabia hiyo na mwalimu kabla ya kuruka peke yako.

Kuhusu karatasi, nyingi ya ndege hizi zilijengwa Marekani, na huko cheti kinachomruhusu mjenzi kuikagua ndege yake kila mwaka hakiendi kwa mnunuzi. Huenda ukahitaji fundi mwenye leseni, na wengi hawataki kusaini kazi ya mjenzi wasiyemjua, hasa pasipo picha za ujenzi. Mpate fundi huyo, kampuni ya bima na jibu la maandishi la mamlaka ya anga ya nchi utakakoisajili, ndipo utoe arbuni.

Nanyi wauzaji, wekeni kwenye tangazo picha ya tumbo la ndege na tarehe ya kupimwa uzito.

Fundi wa ndege ndogo