Huyu wa Jipe ni perege, si tilapia tu

Mhariri,

Mama yangu alikuwa mama karanga, yaani mkaanga samaki wa kuuza, Kisauni kwa miaka mingi. Mteja akimwita tafi changu, alisahihishwa papo hapo, mafuta yapo motoni. Samaki wa bahari kwetu kila mmoja ana jina lake. Wa maji baridi akifika soko la Kongowea, awe katoka Kisumu, bwawani Kilifi au kwenye katoni la barafu kutoka Uchina, sote twamwita tilapia, basi.

Katika jina hilo moja ndimo perege wa Ziwa Jipe anamotupotea. Kwao ni Jipe, pale Taveta mpakani na Tanzania, na maji ya bonde la Pangani. Kwingine duniani hana asili. Wanasayansi walimwandika mwaka 1955 kwa jina la ziwa lake, na sasa humwita Oreochromis jipe. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imemweka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Kasa akinasa wavuni Watamu twapiga kelele, na ni haki. Huyu naye ni wa Pwani, maana Taita Taveta ni Pwani (na maji ya chemchemi za Mzima tunayokunywa Mombasa yatoka kaunti hiyo hiyo).

Tope liletwalo na Mto Lumi, magugu yaliyojaa ziwani, uvuvi wa kupita kiasi: hayo husemwa. Vifaranga ndivyo visivyosemwa. Mtu achimba bwawa karibu na mto, aletewa vifaranga vya tilapia wa Nile kwa kuwa hukua upesi. Mvua kubwa yaja, bwawa lafurika, samaki hao mtoni. Hawamli perege, wazaana naye. Perege jike hutamia mayai yake kinywani na kuwalea humo wanawe, lakini baba akiwa tilapia wa Nile, anayelelewa ni chotara. Vizazi vikipita, wavu utajaa samaki na perege asiwemo, wala hakuna atakayegundua, kwa kuwa wote ni "tilapia".

Ngege halisi wa Ziwa Victoria, naye wa jamii ya tilapia, yalimpata hayo na zaidi, baada ya sangara na tilapia wa Nile kutiwa ziwani miaka ya 1950. Sasa wa kumtafuta hupelekwa kwenye vijiziwa kama Kanyaboli, Siaya.

Sipingi ufugaji; tilapia wa bwawani nimemla na nitamla tena. Ila KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, makao yake makuu yako hapa hapa Mkomani, na Sagana ina kituo cha samaki wa maji baridi. Watuzalishie vifaranga vya perege kwa mabwawa ya Taveta. Na kaunti, kabla gari la vifaranga halijapita Voi kuelekea huko, iulize: humo ndani ni samaki gani? Wenzetu wa upande wa Mwanga, Tanzania, wakiuliza vivyo hivyo, itafaa zaidi, maana ziwa ni moja.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa