Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: turudishie nusu saa yetu ya Ijumaa

Ndugu Afisa Elimu,

Kwa umri, shikamoo ilitakiwa itoke kwako. Lakini cheo ni dhamana, basi nakuanza mimi: kamwene.

YAH: KUFUTWA KWA NUSU SAA YA HADITHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ijumaa iliyopita nilifika shuleni nimelowa ukungu, magoti yanawaka, nikamkuta mwalimu mkuu getini na barua yako. "Hadithi hazimo kwenye mtihani." Watoto walishakaa chini ya mti wananisubiri. Nikageuza, kilomita nne hadi nyumbani.

Kwenye kikao cha wazazi mwaka jana ulituahidi mikeka, na safari ya watoto kwenda Makumbusho ya Kalenga. Tukapiga makofi. Mikeka labda bado inasukwa. Na Kalenga si Ulaya, ndugu yangu, ni kama kilomita 15 tu kutoka Iringa mjini. Hatukukudai. Watoto walikalia viroba, mimi ndoo.

Sasa sikia kilichotokea kwenye viroba hivyo. Niliwasimulia habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe: alivyowapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, alivyojiua mwaka 1898 asikamatwe, kichwa kikakatwa, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye darasani hafungui mdomo, akauliza: "Babu, walijuaje kuwa ni lake?"

Nilifundisha zaidi ya miaka thelathini, sikuwahi kujiuliza hilo. Nikaenda kutafuta. Kumbe Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikuta mafuvu chungu nzima kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, yakachujwa kwa vipimo: upana wa fuvu kama asilimia ya urefu wake, kisha ikalinganishwa na vichwa vya ndugu zake Mkwawa. Ijumaa iliyofuata watoto wakaja na kamba na rula, wakapimana vichwa kwa kelele za ajabu. Yule wa nyuma akapata sawasawa na mwenzake ambaye si ndugu yake hata kidogo. Akanitazama. "Babu, basi huenda walikosea."

Asilimia, Ndugu Afisa. Hizo nadhani zimo kwenye mtihani. Mwalimu wao wa hisabati alikuwa amezifundisha muhula mzima, na mtoto huyo alikuwa anapata sifuri.

Nahisi mmebanwa na mkoa kwa matokeo ya mtihani wa moko, ndiyo maana kila dakika inatafutiwa jaribio. Au kuna mtu kakuambia mzee analipwa? Silipwi. Pensheni yangu unaijua, na chaki nanunua mwenyewe.

Mikeka baki nayo. Safari ya Kalenga nayo iache, tutatembea. Naomba nusu saa ya Ijumaa. Nusu saa tu, Ndugu Afisa, maana yule mtoto ananisimamisha njiani kila siku kuuliza meno ya lile fuvu yalipimwa au hayakupimwa, na hapo barabarani kuna bodaboda.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu