Si uzee, ni dawa

Mhariri,

Mama yangu aliketi kitandani akiokotaokota shuka kana kwamba limejaa makombo, akiongea na watu wasiokuwepo. Tukaambiwa ni uzee. Uzee gani unaoingia kwa siku mbili? Alikuwa akimeza amitriptilini ya maumivu ya neva na oksibutinini ya kibofu, kisha akaongezewa klofeniramini ya mafua. Zote tatu huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea kwa umakini na kumbukumbu. Moja peke yake huenda isilete neno. Zikijumlishwa, mzee huweweseka.

Madaktari na wafamasia, tafadhali ulizeni dawa zote anazotumia mgonjwa, hata zinazonunuliwa bila cheti. Nasi jamaa tuwapelekee mfuko mzima, tusizikatize wenyewe ghafla.

Msomaji wenu