Binamu, msiwajengee kuba masultani wa Makusurani

Binamu yangu wa Maskati,

Assalaam aleikum. Maneno yako ya kwenye simu yamenikaa moyoni, na kwa kuwa wapo wengi wanaosema kama wewe, nakujibu hadharani. Ulisema ulipopita Mizingani, pwani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ulichungulia yale makaburi ya Makusurani, pembeni mwa Kasri, ukaona unyonge mtupu: masultani wa Zanzibar wamelazwa mahali padogo vile, na jengo juu ya kaburi la Sultani Seyyid Said halina hata paa. Ukasema Mapinduzi ya 1964 ndiyo yaliyowadharau, na kwamba mnataka kuchanga mlimalizie kwa kuba.

Hapana, ndugu yangu. Jengo lile halikubomolewa na mtu, liliachwa njiani. Majid, mwana wa Seyyid Said aliyerithi kiti, ndiye aliyetaka kumjengea baba yake kaburi la fahari. Akaanza, Waibadhi wenye msimamo, watu wa madhehebu yake mwenyewe, wakamkatalia: kaburi halijengewi. Kazi ikasimama, naye ndiye Sultani. Majid alifariki 1870. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi kabla ya 1964.

Na wewe uliyeko huko ungepaswa kunifundisha mimi. Sultan Qaboos alipofariki Januari 2020, baada ya kutawala karibu miaka 50, alizikwa Ghala, huko huko Maskati, kwenye kaburi la kawaida, bila kuba. Wewe ndiye uliyenisimulia jinsi lilivyokugusa jambo lile. Iweje kule uwe unyenyekevu, huku iwe dharau?

Tena kiwanja kile kimebeba mambo mazito. Seyyid Said hakufia Unguja. Oktoba 1856 alikuwa njiani akirudi kutoka Oman, akafariki chombo kikiwa karibu na Shelisheli. Afiaye safarini baharini hutoswa, lakini binti yake, Salme, alikuja kusimulia kwamba mzee alikuwa amepakia mbao za jeneza kabla ya kung'oa nanga. Mwanawe mwingine, Barghash, aliyekuwa naye chomboni, akaileta maiti. Akashuka nayo usiku, akamzika baba yake kimyakimya karibu na Khalid, mwana aliyetangulia 1854, huku akijaribu kuuwahi utawala kabla mji haujapata habari. Hakufua dafu. Majid akakalia kiti, na Barghash akangoja hadi 1870. Fikiria hofu ya usiku ule, binamu: kijana na maiti ya baba, na mji mzima umelala. Leo baba na wanawe hao wote wamo mle, waliogombania kiti na aliyekiacha.

Wasiokuwemo nao wana habari yao. Salme alifia Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Khalid bin Barghash, yule aliyelishika Kasri Agosti 1896 mpaka manowari za Waingereza zikalipiga kwa muda usiofika saa moja, alifia Mombasa 1927. Sultan Abdullah, aliyefariki Julai 1963, yumo. Mwanawe Jamshid, aliyepinduliwa miezi michache baadaye, amefia huko huko kwenu Maskati, Desemba 2024.

Kwa hiyo usinihofie udogo wa mahali. Mimi nahofia chumvi. Majengo yetu ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unataka kupumua. Ukiuziba nyufa kwa saruji, unyevu na chumvi ya bahari vinabaki ndani, chokaa ya zamani inalainika, inamomonyoka taratibu nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Umeshaona ukuta wa hivyo: unaugonga kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi. Na Beit al-Ajaib, jumba la masultani lililo jirani kabisa na makaburi hayo, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikaua watu. Sasa wewe unataka kutwisha kuba juu ya kuta za umri ule, tena kuba ambalo wenye dini yao walilikataa wakati ule?

Nakuomba zungumza na wenzako kabla hamjaanza kupitisha daftari. Mkitaka kuchanga, changeni, na Mungu awalipe. Lakini pesa hizo zipitie kwa wanaosimamia Mji Mkongwe, ziende kwa fundi anayejua kuchoma na kulowesha chokaa, na kwa kijana atakayejifunza kwake. Mafundi hao wamebaki wachache na wamezeeka. Nijibu kabla ya Ramadhani, ili nikaonane na wahusika mapema.