Barua ya wazi kwa wachezaji huru wa besiboli mliopewa mwaka mmoja

Wanangu,

Mimi sijawahi kushika gongo. Nilichoshika ni mikataba ya mwaka mmoja mmoja, melini, zaidi ya miaka ishirini, kila Desemba sijui Januari itanikuta bandari gani. Kwa hiyo sishangai mnaponuna mkataba ukiisha na klabu zenu za ligi kuu ya Marekani zikiwapa ofa ya mwaka mmoja, ile iitwayo qualifying offer, ingawa dola milioni 22.025, kiwango cha 2025, kwetu zingemnunisha nani?

Najua kinachowauma si pesa, ni muda. Lakini kabla hujaikataa, tazama unachoondoka nacho. Ukikataa, timu nyingine itakayokusajili hupoteza nafasi ya kuchagua chipukizi kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya kila mwaka, na wenye timu wanawathamini sana chipukizi kwa kuwa hucheza miaka kadhaa kwa ujira mdogo. Yaani unakwenda ugenini na deni, na mwenyeji ndiye wa kulilipa.

Mike Moustakas alipiga home run 38, mipigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja, mwaka 2017, rekodi ya Kansas City Royals wakati huo. Akakataa ofa ya mwaka ya dola milioni 17.4. Akangoja, akangoja, hadi Machi akarudi kulekule kwa milioni 6.5. Mwaka uliofuata Dallas Keuchel, mrushaji mwenye Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka, alikataa milioni 17.9 akakaa bila timu mpaka Juni, drafti ilipopita na deni likafutika. Atlanta wakampa milioni 13.

Msimu uleule wa Keuchel, Hyun-Jin Ryu wa Dodgers aliikubali. Majeraha yalikuwa yamemwandama, naye akaona heri apate mwaka wa kuwaonyesha watu. Mwaka 2019 wastani wake wa pointi alizoruhusu kwa mchezo mzima ukawa 2.32, mdogo kuliko wa mrushaji yeyote wa ligi kuu, na Toronto wakampa miaka minne kwa milioni 80. Kevin Gausman naye alikubali mwaka 2020. Baada ya msimu mmoja akapata miaka mitano na milioni 110.

Hapa ndipo mawakala wengine hupita haraka: mchezaji hupewa ofa hii mara moja tu katika maisha yake. Ukiikubali, mwakani unarudi sokoni bila deni lolote.

Simwambii kila mtu akubali. Juan Soto, mpigaji nyota, alikataa milioni 21.05, akasaini na timu ya Mets miaka 15 kwa milioni 765, na angekubali ningemwona hamnazo. Wewe wa miaka 34 uliyewekewa mezani miaka mitatu, ichukue hata kama kila mwaka una pesa pungufu. Bega lako halijui habari za mwakani.

Ila wewe wa miaka 29 uliyetoka kuumia, mwulize wakala wako leo: timu zipi tatu ziko tayari kupoteza chipukizi kwa ajili yangu? Akizitaja kwa majina, msikilize. Akianza kukusimulia habari za soko, omba kalamu.

Mzee wenu