Tabuki hapakupiganwa vita

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia. Ila makala ile ya ukurasa wa utamaduni kuhusu Utendi wa Tambuka, shairi refu la kale linalosimulia vita vya Tabuki, siwezi kuinyamazia. Mwandishi wako ameuchukua utendi kama taarifa ya vita: eti hivyo ndivyo Waislamu walivyomshinda Herekali, mfalme wa Warumi wa mashariki, huko Tabuki, kaskazini mwa Bara Arabu.

Tabuki hapakupiganwa. Mwaka 630 Mtume alitoka Madina na jeshi linalotajwa kufikia watu 30,000, akapiga kambi, akapatana na watu wa mpakani, akarudi. Warumi hawakutokea. Vita vilikuwa Muta, mwaka uliotangulia, alipouawa Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, ambaye msiba wake ndio chanzo cha kisa chote. Herekali alifia kwake Constantinople mwaka 641.

Mjukuu wangu aliyaandika hayo kwenye mtihani, akakatwa alama. Nilikwenda shuleni kwake kuuliza, nikaonyeshwa mwongozo wa kusahihisha: Waislamu walishinda Tabuki, basi. Mwalimu akaniambia, "Mzee, ndivyo shairi linavyosema." Shairi linasema, naam, kwa sababu Bwana Mwengo, mtunzi wake, alikuwa mshairi! Aliutunga kisiwani Pate, karibu na Lamu, mwaka 1728 kwa agizo la mfalme wake, zaidi ya beti 1,100, na mwaka huohuo Wareno walikuwa wamerudi Ngome ya Yesu, Mombasa, miaka 30 tangu Waomani wawatoe, na Pate yenyewe ilikuwa imewaunga mkono. Mwaka uliofuata wakafukuzwa tena. Aliyekaa barazani Pate akisikia mfalme wa Kikristo anaandikiwa barua aingie Uislamu, anakataa, kisha majeshi yake yanafyekwa, hakuwa na haja ya kwenda Shamu kumtafuta mfalme huyo. Merikebu zake zilikuwa Mombasa. Mimi nausoma utendi hivyo, na anayeusoma vingine aje na hoja, asije na mwongozo wa kusahihisha.

Na mitihani yenyewe! Hesabu mizani, taja vina, eleza bahari, kalamu chini. Mtoto anatoka kidato cha nne anajua kwamba kina cha mwisho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, lakini hajui Pate iko wapi, wala nani aliagiza utungo huo na kwa nini. Nimefundisha ushairi maisha yangu yote ya kazi na jambo hili linaniuma.

Naomba gazeti lako lichape beti kumi za Tambuka kila Ijumaa, kwa lahaja ya kaskazini kama zilivyo, bila kusanifishwa. Chini yake ziwekwe aya mbili fupi: moja ya mwaka 630, nyingine ya 1728. Ya pili aiandike mtu wa Pate au Siu. Anzeni na beti za Jaafar.

Mwalimu mstaafu,
Lamu